Sindano ya unene inafanya kazi hata pale mizani isipoona

Novemba 11, 2023, katika mkutano wa mwaka wa wataalamu wa moyo uliofanyika Philadelphia, Marekani, Dk Michael Lincoff wa Cleveland Clinic alitangaza matokeo ya jaribio la dawa linaloitwa SELECT. Washiriki walikuwa watu 17,604 kutoka nchi 41. Wote walikuwa na miaka 45 au zaidi, wote walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na wote walikwisha kupata shambulio la moyo, kiharusi au kuziba kwa mishipa ya damu ya miguuni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kisukari. Nusu yao walijichoma sindano ya semaglutide kila wiki, nusu nyingine walijichoma sindano isiyo na dawa, na wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitatu kwa wastani. Kati ya waliopata dawa, asilimia 6.5 walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha maradhi ya moyo. Upande wa pili walikuwa asilimia 8. Hatari ilipungua kwa moja ya tano.

Matokeo hayo yalikuwa makubwa peke yake, lakini kilichowafanya madaktari wengi wasogee mbele kwenye viti ni mchoro. Mistari miwili, wa waliopata dawa na wa wasiopata, ilianza kuachana katika miezi ya mwanzo kabisa. Anayeijua dawa hii anajua kwamba miezi ya mwanzo si miezi ya kupungua sana. Mgonjwa huanza na dozi ndogo ya robo miligramu kwa wiki, akapandishwa kidogo kidogo kila baada ya wiki nne, na dozi kamili ya miligramu 2.4 huifikia baada ya wiki 16. Uzito unashuka taratibu. Basi kama moyo ulianza kupata nafuu kabla kiuno hakijapungua, kuna kazi nyingine iliyokuwa ikifanyika ndani, kazi ambayo mizani haina namna ya kuipima.

Huku kwetu habari hizi zimefika kwa sura nyingine. Zimefika kama sindano ya kupunguza mwili, zikasimuliwa saluni na kwenye makundi ya WhatsApp, zikaambatana na picha za kabla na baada. Siwalaumu wanaozungumza hivyo, maana hata watengenezaji na wauzaji wameona faida ya kuiuza kwa macho. Ila nadhani tunakosa sehemu kubwa ya habari yenyewe. Unene uliokithiri ni ugonjwa unaoendelea ndani ya mwili usiku na mchana, na dawa hizi zinagusa kiini chake.

Ukijikata kidole kwa kisu, muda si mrefu pale pamekuwa pekundu, pamevimba, pana joto na panauma. Hiyo ni kinga ya mwili inafanya kazi yake, hali ambayo kitaalamu huitwa mchochota. Damu huongezeka pale, seli za kinga humiminika, vijidudu huuawa, na kidonda kikifunga kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Ni jambo jema na lina mwisho. Mchochota wa unene hauna mwisho. Hauvimbishi kidole, hauleti homa, na mwenye nao anaweza kukaa nao miaka 20 bila kujua.

Unaanzia kwenye mafuta. Zamani mafuta ya mwili yalionekana kuwa ghala tu, mahali pa kuweka akiba. Mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman huko Boston walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yalikuwa yakitengeneza TNF-alfa, kemikali ambayo mwili huitumia kuamsha mchochota, na kwamba kemikali hiyo iliifanya insulini ishindwe kufanya kazi. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, timu mbili za Marekani ziligundua nani hasa anayepiga kelele humo ndani. Seli ya mafuta inapojazwa hutanuka. Ikitanuka kupita kiasi, damu haiifikishii oksijeni ya kutosha, na baadhi hufa. Ikifa, mafuta yake huachwa wazi, na seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kusafisha. Ukitazama kwa hadubini unaziona zimeizunguka ile seli iliyokufa pande zote, kama watu waliokaa mkekani kuzunguka sinia moja. Timu ya Chuo Kikuu cha Columbia ilikadiria kwamba kwa mtu mwembamba makrofaji hazifiki sehemu moja ya kumi ya seli zilizo kwenye mafuta. Kwa mtu mnene zinaweza kukaribia asilimia 40. Na kila moja inatoa kemikali zake kwenye damu.

Kemikali hizo zikifika kwenye ini, ini hujibu kwa kutengeneza protini inayoitwa CRP. Hii si ngeni: iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis katika Taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Leo kipimo chake ni cha kawaida maabara. Kwa upande wa moyo, chini ya miligramu moja kwa lita huhesabiwa kuwa hatari ndogo, na zaidi ya tatu hatari kubwa. Mtu mwenye unene uliokithiri mara nyingi anaishi juu ya mstari huo mwaka mzima bila kuumwa na chochote anachoweza kukitaja. Wakati huohuo ukuta wa ndani wa mishipa yake ya damu unachubuliwa, mafuta yanajipenyeza chini yake, utando unajengeka, na siku moja unapasuka.

Kwa muda mrefu wanasayansi walibishana kama mchochota huo ndio unaoleta shambulio la moyo au unaandamana nalo tu. Ubishi huo ulitulia kwa kiasi kikubwa mwaka 2017, Paul Ridker wa Boston alipotoa matokeo ya jaribio la CANTOS. Watu 10,061 waliokwisha kupata shambulio la moyo na wenye CRP ya juu waligawanywa. Baadhi wakapewa canakinumab, dawa inayozima kemikali moja tu ya mchochota na isiyogusa lehemu kabisa. Mashambulizi ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana wazi kwamba ukituliza mchochota peke yake, moyo unanufaika. Lakini dawa ile ilikuja na gharama: ilikuwa ghali mno, na waliopewa walikufa zaidi kwa maambukizi, kwa sababu kinga iliyozimwa ilizimwa pia pale ilipohitajika. Kwa nchi zenye kifua kikuu na nimonia, dawa ya namna hiyo ni vigumu kuiombea.

Ndiyo maana matokeo ya semaglutide yamenishika. Katika SELECT, CRP ya waliopata dawa ilishuka kwa karibu asilimia 38 ikilinganishwa na ya wale wa sindano isiyo na dawa. Haikuwa mara ya kwanza. Katika majaribio ya awali ya unene yanayojulikana kwa jina la STEP, kushuka kulikuwa kwa kiwango hichohicho au zaidi. Katika jaribio la watu 529 wenye unene na aina ya ugonjwa wa moyo ambapo misuli ya moyo hukakamaa, lililochapishwa 2023, CRP ilishuka kwa zaidi ya asilimia 40, na wagonjwa hao wakaweza kutembea umbali mrefu zaidi kwa dakika sita kuliko wenzao. Tirzepatide, dawa ya karibuni zaidi inayogusa homoni mbili badala ya moja, nayo imeonyesha kuishusha.

Na maambukizi? SELECT ilifanyika katikati ya janga la UVIKO-19, na hilo lilitoa jibu ambalo hakuna aliyepanga kulitafuta. Benjamin Scirica na wenzake walipochambua vifo mwaka 2024, walikuta kwamba waliokuwa kwenye semaglutide walikufa kwa UVIKO 43, na wale wa sindano isiyo na dawa 65. Vifo vya maambukizi kwa ujumla vilikuwa pungufu. Watu waliambukizwa sawa, lakini waliopata dawa walistahimili zaidi. Nimesoma takwimu nyingi za afya, na hii ni mojawapo ya zile zinazonifanya nirudi kuisoma tena, kwa kuwa inasema kitu ambacho canakinumab haikuweza kukisema: mchochota umetulizwa, na kinga haikuvuliwa nguo.

Inafanyaje hivyo? Semaglutide inaiga homoni ya GLP-1, ambayo utumbo huitoa tunapokula ili kuiambia kongosho itoe insulini, tumbo lisiharakishe kumwaga chakula, na ubongo uridhike. Mtu anashiba mapema, anakula kidogo, mafuta yanapungua, na yakipungua makrofaji nazo hupungua. Hiyo ni njia ya kwanza na ina nguvu sana. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo makali kuliko ya mapajani na makalioni, na dawa hizi huyapunguza vizuri.

Lakini si njia hiyo peke yake. Daniel Drucker wa Toronto, mmoja wa watu walioifahamisha dunia homoni hii tangu miaka ya 1980, alichapisha mwishoni mwa 2023 majaribio ya panya waliowashwa mchochota kwa makusudi. Dawa za kundi la GLP-1 ziliutuliza. Timu yake ilipoziba vipokezi vya homoni hiyo kwenye ubongo tu, utulivu huo ukapotea. Yaani sehemu ya amri ya kutuliza inatoka kichwani, haitoki kwenye mafuta. Panya si mtu, lakini jambo hili linaoana na kile kilichoonekana kwa watu: CRP ilianza kushuka katika wiki za mwanzo, uzito ukiwa bado haujatikisika sana. Na mwaka 2025, timu iliyoongozwa na John Deanfield wa University College London, UCL, ilirudi kwenye takwimu za SELECT na kukuta kwamba faida ya moyo ilipatikana kwa waliopungua kilo nyingi na kwa waliopungua chache. Kupungua kwa kiuno kulieleza takriban theluthi moja tu ya faida hiyo. Theluthi mbili huenda zinagawana mambo mengine: shinikizo la damu, sukari, mafuta ya kwenye damu, na huu mchochota ninaouzungumzia.

Hapa niwe mkweli kwa msomaji kuhusu mpaka wa ushahidi. SELECT haikuundwa kuthibitisha kwamba kushuka kwa mchochota ndiko kulikookoa mioyo. Ilionyesha vitu viwili vikienda pamoja. Kuna pia pale ambapo matumaini yaligonga ukuta. Kwa kuwa ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer nao una mchochota, vidonge vya semaglutide vilijaribiwa kwa maelfu ya watu walio katika hatua za awali za ugonjwa huo. Novemba 2025 kampuni ya Novo Nordisk, inayoitengeneza semaglutide, ilitangaza kwamba havikupunguza kasi ya ugonjwa, ingawa baadhi ya vipimo vya maabara viliboreka. Vipimo vilipendeza, mgonjwa akabaki palepale. Mtu yeyote anayekuuzia dawa kwa hoja kwamba inashusha mchochota, basi itatibu kila kitu, mkumbushe jaribio hilo.

Magoti ni habari tofauti. Jaribio lililochapishwa 2024 lilihusisha watu 407 wenye unene na magoti yaliyolika. Baada ya wiki 68, alama zao za maumivu, kwenye kipimo cha 0 hadi 100, zilishuka kwa karibu 42 kwa waliopata semaglutide na kwa 27 au 28 kwa wengine. Kwa mama anayepanda ngazi kwa kushika ukuta, huo ni uwezo wa kwenda sokoni na kurudi mwenyewe. Ni sehemu gani ya nafuu hiyo inatokana na goti kubeba mzigo mdogo, na ni ipi inatokana na mchochota kutulia, wataalamu wanaendelea kulijadili. Mwenye goti, nadhani, hajali sana.

Neno moja kuhusu kipimo chenyewe, kwa kuwa najua wapo watakaokwenda kukiomba. CRP haijui unene. Inapanda kwa malaria, kwa jino bovu, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mafua makali. Ikisoma zaidi ya kumi, daktari mzuri atatafuta kwanza maambukizi, na kipimo cha moyo atakirudia ukipona. Katika mazingira yetu, ambako homa haziishi, namba moja ya siku moja haitoshi kumtisha mtu wala kumpa amani.

Jambo linalonisumbua zaidi ni nani aliyepimwa. Katika SELECT, wanawake walikuwa asilimia 27.7 tu, na watu weusi asilimia 3.8. Sasa linganisha na huku. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Mzigo wa unene Afrika Mashariki umebebwa na wanawake, tena wengi wao wakiwa bado vijana, na ushahidi bora tulionao umetoka kwa wanaume weupe wenye umri wa makamo na zaidi. Sina sababu ya kudhani kwamba mafuta ya mwanamke wa Kisumu au Morogoro yanafuata kanuni nyingine. Lakini kiwango cha faida, madhara, na namna mwili unavyoitikia baada ya mtu kuugua malaria mara nyingi au kuishi na VVU, ni maswali yanayostahili majaribio yaliyofanyika kwa watu hao wenyewe, na vyuo vyetu vikuu vya tiba vina uwezo wa kuyaongoza.

Madhara yapo na hayafai kufichwa. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni ya kawaida, hasa dozi inapopandishwa. Mawe kwenye kifuko cha nyongo hutokea, na kuvimba kwa kongosho hutokea mara chache lakini ni hatari. Anayepungua hupoteza na misuli, si mafuta peke yake, hivyo mzee anayetumia bila kula protini ya kutosha na bila kufanya kazi ya mikono anaweza kubaki mwepesi lakini dhaifu. Mjamzito hapaswi kuitumia. Katika SELECT, asilimia 16.6 waliacha dawa kwa sababu ya madhara, dhidi ya asilimia 8.2 upande wa pili.

Na ukiiacha, mwili unakumbuka ulikotoka. Washiriki wa mojawapo ya majaribio ya STEP waliofuatiliwa baada ya kuacha sindano walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopunguza ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya nafuu ya shinikizo na sukari ikaanza kurudi nyuma nazo. Hii si dawa ya miezi mitatu kabla ya harusi. Ni dawa ya miaka, sawa na ya presha, na kwa hiyo bei yake ni sehemu ya tiba yenyewe.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu Septemba 2025, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo na unene. Desemba mwaka huohuo likatoa mwongozo wa kuzitumia kwa unene wa watu wazima, kwa masharti, likiweka wazi kwamba ziende pamoja na lishe na mazoezi, na likakadiria kwamba kufikia 2030 watakaozipata hawatafika hata asilimia 10 ya wanaozihitaji. Dirisha lililopo ni kumalizika kwa hataza. Ulinzi wa semaglutide unafikia ukomo mwaka 2026 katika India na China, na India ndiko zinakotoka dawa nyingi tunazonunua. Viwanda vya huko vimejipanga kutoa za bei nafuu.

Bei nafuu itakuja na hatari zake. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo la dunia nzima kuhusu kalamu za kughushi za Ozempic, jina la biashara la sindano ya semaglutide, zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zilipenya huko, hapa zitapita kirahisi zaidi. Kalamu halisi, kabla haijafunguliwa, hukaa kwenye friji ya nyuzijoto 2 hadi 8, na ikishafunguliwa haitakiwi kupita nyuzijoto 30. Anayekuletea sindano kwenye mkoba, kwa bodaboda, mchana wa Februari mjini Dar es Salaam au Mombasa, hata kama dawa yake ni halali, huenda amekwisha kuiharibu njiani.

Wakati tunasubiri, ipo njia ambayo haisubiri hataza. Mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari, Diabetes Prevention Program, uliwataka watu walio hatarini wapunguze asilimia 7 ya uzito wao na kutembea haraka au kufanya mazoezi mengine dakika 150 kwa wiki. Matokeo ya 2005 yalionyesha CRP yao ilishuka kwa karibu theluthi. Hiyo ni kazi ya kilo tano au sita kwa mtu wa kilo 80, pasipo sindano. Ni kweli pia kwamba wengi hujaribu na kushindwa, na hawashindwi kwa uvivu. Mwili hupigana kuzirudisha kilo zake, na njaa inayotokana na homoni haishindwi kwa kukaripiwa. Mgonjwa anayeambiwa kila kliniki "punguza mwili" bila kusaidiwa namna ya kupunguza, amefanyiwa ukatili.

Dawa za bei nafuu zitakapofika, serikali na mifuko ya bima italazimika kuamua nani aanze. Ushahidi uliopo unaelekeza kwa mtu anayefanana na wale 17,604: mwenye umri wa miaka 45 na zaidi, mwenye unene, aliyekwisha kulazwa kwa moyo au kiharusi. Huyo yupo tayari kwenye daftari la kliniki ya moyo ya hospitali ya rufaa. Jina lake linajulikana, tarehe yake ya kurudi inajulikana, na sindano ya kwanza ingepaswa kumkuta pale, kabla haijafika kwenye kabati la kioo la duka la vipodozi.